Nguruwe Wetu Alikuwa Anasikiliza Rege

Enzi zetu, ukitaka kusikiliza rege kule kwetu Lufingo, ulitakiwa kwanza kuwa na nguruwe. Msicheke. Wenzangu mliokula ndizi za kuchemsha asubuhi, mchana na jioni mnajua ninachosema. Wengine subirini nieleze taratibu, maana mimi nimesoma shule ya jioni mpaka nikapata cheti cha kidato cha nne, na mwalimu wetu alisisitiza kwamba habari huanzia mwanzo, hata kama mwanzo wenyewe unanuka.

Mwanzo ni redio. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa akiendesha lori kutoka Mbeya, na siku moja alikuja kutusalimia akiwa amebeba redio kaseti kubwa kama sanduku la bibi harusi. Ilikuwa na spika mbili, na kila spika ungeweza kukogeshea mtoto. Alituachia kwa sababu alikuwa amenunua nyingine, na ndani yake aliacha kanda moja ya rege. Alipoiwasha pale sebuleni, besi iligonga mara moja tu, vikombe vya mama vya bati vikaanza kutembea kabatini. Kuku walikimbia. Nawaambieni hata Mlima Rungwe ulisogea kidogo, ila ukungu ulikuwa mzito kwa hiyo hakuna aliyeona.

Tata, yaani baba yangu, alikuwa mzee wa kanisa. Alisikiliza huku ameshika kofia yake, kisha akatamka hukumu. "Muziki wa watu wenye nywele kama mizizi ya mgomba hautalia chini ya bati langu." Tata alikuwa mtu wa maneno machache na akishayasema hayarudi. Nikakaa nikayatafakari maneno hayo kwa siku kadhaa, kama wakili. Chini ya bati lake. Nyumba ilikuwa ya bati. Jiko lilikuwa la bati. Banda la nguruwe lilikuwa la nyasi.

Basi ndivyo nilivyohamia bandani. Mle aliishi nguruwe wetu mmoja, mweusi mwenye baka jeupe shavuni, niliyekuwa nimempa jina la Diwani kwa sababu alikula siku nzima na hakuwahi kujibu swali. Kumlisha ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa namletea maganda ya ndizi, majani ya viazi vitamu na maparachichi yaliyoanguka, naye anakula huku redio inalia juu ya nguzo. Na hapa naomba mniamini, hata kama mnajua natia chumvi mahali pengine: Diwani alikuwa anasikiliza. Ngoma ikipiga, anatulia. Gitaa likikwaruza ile sehemu yake, pale katikati ambapo mguu wako umeshapanda na haujashuka, yeye anatingisha sikio. La kushoto tu. Hakukosea hata siku moja. Nimeona wapiga ngoma wa harusi siku hizi ambao hawafikii nusu ya sikio lile.

Kuhusu betri, vijana wa leo wanaosimuliwa kwamba tulikuwa tunaanika betri juani wajue sisi wa Tukuyu hatukupata bahati hiyo. Jua kwetu lilikuwa mgeni. Mvua ilinyesha Januari ikapumzika wiki mbili mwezi wa tisa, nayo ilikuwa inapumzika tu ili ipate nguvu. Sisi betri tulizipanga kichanjani juu ya moto wa jikoni, pamoja na mahindi ya mbegu. Mama akiinua chungu anakuta betri, anasema, "Lusajo, siku moja utakula hizi ukidhani ni magimbi." Zikishapata joto zinatoa wimbo mmoja na nusu, halafu mwimbaji anaanza kuzeeka, sauti inazama polepole mpaka inafanana na Diwani akiota.

Kanda nyingine nilizipata kwa Kaka Sefu, aliyekuwa na kibanda cha kurekodi nyimbo pale sokoni Tukuyu mjini. Sefu alikuwa Mwislamu safi, kofia yake nyeupe hata kukiwa na matope kiasi gani, na adhana ikisikika tu anafunga dirisha la kibanda hata kama wimbo uko katikati. Lakini rege aliijua kuliko mtu yeyote kati ya Uyole na mpaka wa Malawi. Siku moja nilimuuliza, kwa ile hofu ya mtoto wa mzee wa kanisa, kama kusikiliza nyimbo hizi si kuingia dini yao.

"Dogo," akasema, akiwa ameinama kwenye kanda iliyokwama, "mimi nauza kanda za kila aina. Ningekuwa nafuata dini ya kila kanda, Jumatatu ningekuwa Rasta, Jumanne Mhindi, Jumatano mlokole. Ijumaa ningeingia msikitini na uso gani?"

"Kwa hiyo si dhambi?"

"Mimi si shehe, wala si mchungaji wako. Nakwambia kilichomo kwenye kanda tu. Hii besi umeisikia? Haya, sogea, unanizibia mwanga."

Sasa elewa hali ilivyokuwa. Rasta mmoja tu tulimjua, fundi viatu wa pale stendi, mtu mpole mno, ambaye nywele zake watoto tulisema zina ndege ndani. Wazee wetu hawakuwahi kukaa naye wakamuuliza anaamini nini. Walichojua kuhusu imani yake kilikuwa kidogo na kilitosha kuwakosesha usingizi: Rasta hanyoi, Rasta anamheshimu mfalme wa Uhabeshi kama Mungu, na Rasta hali nguruwe. Hilo la mwisho ndilo lililowatisha hasa. Nywele mtu anaweza kunyoa akatubu. Lakini mtu wa Rungwe asiyekula nguruwe, na si Mwislamu, huyo atakuwa amefikwa na jambo zito.

Mwaka ule nilikuwa katika darasa la kipaimara. Ninyi mnaokumbuka kipaimara cha zamani mnajua haikuwa kuvaa shati jeupe na kupigwa picha. Ilikuwa kukariri. Amri zote kumi pamoja na maelezo yake, imani, sala, ubatizo, meza ya Bwana, na kila kipande mwinjilisti anakuuliza, "Maana yake nini?" nawe unatakiwa ujibu neno kwa neno bila kumeza mate. Mimi kichwa changu kilikuwa kigumu kama kokwa la parachichi. Nilikuwa nasoma amri ya tatu, ikiingia, ya pili inatoka.

Ni bandani nilipopata dawa. Siku moja betri zilikuwa zimepata joto vizuri, rege inalia, nami nimeshika kitabu huku namlisha Diwani, nikajikuta nasoma kwa mapigo. Swali linaangukia kwenye besi, jibu linapanda na gitaa. "Maana yake nini?" Du! "Tumche Mungu," chaka, chaka. Kufikia jioni nilikuwa nimemaliza amri nzima, na asubuhi yake ilikuwa bado imo kichwani. Nikawaambia wenzangu. Wakaja mmoja, wakaja wawili, mwishowe darasa zima la kipaimara lilikuwa linakutana kwenye banda la nguruwe baada ya shule, tumejipanga ukutani, Diwani katikati kama mwenyekiti. Mwinjilisti alianza kulalamika kwamba vijana wa mwaka huu wanakariri vizuri lakini wananuka.

Halafu ikafika Krismasi, na Diwani akachinjwa.

Nilijua atachinjwa. Nguruwe wa kwetu hafugwi kwa ajili ya mazungumzo. Lakini siku ile Mwinjilisti alialikwa chakula nyumbani, tumekaa sote mezani, ndizi zimeiva, nyama inanukia mpaka barabarani, na mama akaniwekea kipande kizuri chenye ngozi. Nikakitazama. Kilikuwa na weusi na weupe. Nikasukuma sahani pembeni.

"Mbona huli?" akauliza mama.

"Sili."

"Huli nini? Nyama?"

"Sili nguruwe."

Mwinjilisti aliweka kijiko chini. Aliniangalia, akaangalia kupitia mlangoni ile redio iliyokuwa imefunikwa kitambaa kona ya nje, akamwangalia Tata. Ulikuwa ukimya ambao ungeweza kuukata ukaugawa kwa majirani.

Ningeweza kusema ukweli palepale. Lakini fikiria mvulana wa Lufingo, aliyebakiza miezi michache aitwe mtu mzima kanisani, aseme mbele ya mgeni kwamba analia kwa ajili ya nguruwe. Vijana wa kijiji wangeniita mjane wa Diwani mpaka leo. Nikanyamaza. Na huko kunyamaza, kwa mzee wa kanisa na mwinjilisti, kulikuwa ni kukiri.

Habari ilipanda mlima ikashuka upande wa pili kabla ya chai ya jioni. Kufikia Masukulu nilikuwa sili nguruwe. Ilipofika Mpuguso nilikuwa nimeanza kufuga nywele, na Tukuyu mjini watu walishaambiwa kwamba mtoto wa mzee wa kanisa anapanda ndege kwenda Uhabeshi. Mama alikuwa amekwisha kunishonea shati la kipaimara. Kila asubuhi alilinyoosha, akalirudisha sandukuni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kula basi hata kimfupa. Lamba tu waone."

Tata ndiye aliyekuwa katika hali mbaya kuliko wote. Baraza la wazee liliamua kwamba nihojiwe kabla ya Pasaka, na ikithibitika nimeingia Urasta, nitaondolewa darasani. Na aliyetakiwa kutoa neno la mwisho juu ya watoto wa mtaa wetu alikuwa yeye. Hakunigombeza. Alinyoa ndevu, akavaa koti lake la suti, akatangulia mbele njia nzima ya kwenda kanisani bila kugeuka. Nilikuwa naona mgongo wake tu, na koti lilikuwa limelowa mabegani.

Wazee walikaa kwenye benchi la mbele. Alikuwepo Mwinjilisti, Tata, wanaume wengine ambao nakumbuka zaidi viatu vyao, na Bibi Tumpe, mzee wa kanisa wa kike, mama aliyekwisha kuzika watu wengi na kuogopa wachache. Darasa langu la kipaimara lilikaa nyuma, likaambiwa lisikilize lipate fundisho.

"Lusajo," akaanza Mwinjilisti, "kwa nini huli nguruwe?"

Kimya.

"Umekatazwa na nani?"

Kimya.

Tata akakohoa. "Mwanangu. Niambie mimi. Unamwamini yule mfalme wao?"

"Hapana, Tata."

"Sasa mle bandani unafuata nini?"

"Napenda besi, Tata."

Akawageukia wenzake, uso umemshuka. "Besi ndiye nani tena?"

Nyuma mtu alicheka akajifanya anapiga chafya. Mwinjilisti aliinua mkono. "Basi tuache nguruwe. Tuone kwanza kama anajua anachokiamini. Amri ya kwanza. Maana yake nini?"

Nikasimama. Na jamani, ikapotea. Kichwa cheupe. Nilijua kwamba maneno yamo humo ndani, lakini mlango wake ulikuwa mapigo, na kule kanisani hapakuwa na mapigo. Nilisikia mvua kwenye bati. Nikamwona Tata anafunga macho. Ndipo mguu wangu, wenyewe, bila ruhusa yangu, ukaanza kugonga sakafu. Du. Du. Na sauti ikatoka mahali pake, pale katikati ambapo mguu umeshapanda haujashuka.

Nilijibu amri ya kwanza. Mwinjilisti akauliza ya pili, nikaidaka kabla hajafunga mdomo. Ya tatu. Ya nne. Alikuwa anauliza haraka ili anikamate, na kadiri alivyokuwa akiharakisha ndivyo alivyokuwa akiingia kwenye wimbo bila kujua, "Maana yake nini?" yeye ananirushia besi, mimi narudisha gitaa. Kufikia amri ya sita nikasikia kitu nyuma yangu. Chaka. Chaka. Darasa zima la kipaimara, wamekaa wima kama malaika, midomo imefumbwa, wanakwaruza kwa ulimi. Ya saba tukajibu wote. Nasema paa la kanisa lilinyanyuka likarudi, na aliyekuwepo na abishe.

Tulipomaliza, hapakuwa na neno lililokosekana. Mwinjilisti alikuwa anahema kama mtu aliyekimbizwa.

"Hii mmejifunzia wapi?"

"Bandani," nikasema. "Kwa nguruwe."

"Nguruwe yupi?"

"Yule mliyemla Krismasi."

Nadhani ndipo machozi yaliponitoka, ingawa ushahidi wa jambo hilo hakuna. Wazee walitazamana. Kisha Bibi Tumpe akapiga goti lake kofi moja.

"Kumbe mtoto ana msiba!" akasema. "Ninyi wanaume, mtoto ana msiba, mnamlazimisha kula! Tangu lini kwetu mfiwa akalishwa kwa nguvu? Tena mnataka ale marehemu mwenyewe!"

Mzee mmoja akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. Mwinjilisti alijaribu kusema kwamba suala la muziki bado liko palepale. Bibi Tumpe akamgeukia. "Mwinjilisti, acha. Mtoto wa huyu kasoma na nguruwe kajua vyote. Mjukuu wangu amesoma na wewe mwaka mzima, hajui hata amri ya nne."

Ikabaki neno la Tata. Alisimama, akafunga kifungo cha koti. Mimi nilikuwa nalitazama shati jeupe akilini, liko sandukuni. Alichukua muda mrefu sana. Baadaye mama aliniambia kwamba alikuwa anasubiri mguu wake utulie, maana na wenyewe ulikuwa umeanza.

"Nimemsikia mtoto akikiri imani yetu," akasema. "Nyimbo nyingine ni za watu wengine. Atabarikiwa." Akakaa.

Nilipata kipaimara Pasaka ile, shati jeupe, viatu vya kuazima vilivyonibana hadi leo kidole kimoja hakijanisamehe. Sherehe yetu tulikula kuku. Wiki iliyofuata Tata alirudi kutoka mnadani na kitoto kingine cha nguruwe, akanikabidhi kamba na kusema, "Huyu usimpe jina." Redio ikahamia barazani, chini ya bati, bila tangazo lolote. Hakuwahi kuusifu muziki ule. Lakini uzeeni, miguu ilipoanza kumwisha na akawa anashinda kwenye kiti akiangalia mvua, alikuwa akiniambia, "Hebu weka ule wa marehemu," nami nilijua anataka nini. Tulikuwa tunasikiliza pamoja, mzee wa kanisa na mwanawe, hatuongei, halafu saa ya sala ikifika anasema zima, nazima, tunasali.

Nimeshakutana na Marasta wengi tangu hapo. Wengine wamenieleza imani yao vizuri, kwa upole, na nimewasikiliza mpaka mwisho kwa sababu shule ya jioni ilinifundisha kumsikiliza mtu akimaliza. Nawaheshimu. Haikuniingia tu. Kwangu mimi ni kama harusi ya ukoo mwingine: nimealikwa, nimecheza mpaka soli imebaki ukumbini, kisha nimerudi kwangu bila bibi harusi.

Vijana wa Tukuyu siku hizi wamelimaliza tatizo hili kabisa. Rasta wanasukwa saluni asubuhi, zinafumuliwa kabla ya usaili wa kazi. Wanavaa rangi zote tatu kuanzia kofia hadi soksi, halafu ukimwekea wimbo wenyewe anakuuliza, "Mzee, hii ni ya nani, mbona inaenda taratibu?" Nguruwe wanamla stendi na ndizi za kuchoma, nywele zimefungwa nyuma zisiingie kwenye kachumbari. Sisi tulikuwa na muziki bila nywele, wao wana nywele bila muziki. Na wala hakuna mzee anayelowa mabega kwa ajili yao.

Kijana wangu naye yumo katika darasa la kipaimara mwaka huu. Anashinda na vile vidude vya masikioni, hata akipalilia chai. Kichwa kinacheza, sauti hatusikii. Anaweza kuwa anasikiliza kwaya, anaweza kuwa anasikiliza dini ya Wajapani, hatujui, na hakuna baraza litakaloitwa kwa sababu hakuna kikombe kinachotembea kabatini. Wiki iliyopita nilimkuta bandani analisha nguruwe wetu wa sasa, hawa weupe wa kisasa wanaokula chakula cha mfuko. Banda lenyewe sasa ni la bati. Nikatoa simu yangu, nikaitundika kwenye nguzo, nikaweka ule wa marehemu.

"Unasikiliza nini?" nikamuuliza mwanangu.

Akatoa kidude kimoja. "Eti?"

"Unasikiliza nini?"

"Kitu tu, baba." Akakirudisha.

Nikasimama pale katikati yao. Besi ya simu ilikuwa nyembamba kama uzi. Mwanangu alikuwa anatikisa kichwa kwa wimbo mwingine, nguruwe wameinamisha nyuso kwenye pumba, mvua inaanza upya juu ya bati. Gitaa likakwaruza ile sehemu yake. Nikasubiri. Hakuna aliyegeuka.

Diwani angalau alikuwa anatingisha sikio.